Korokoni

Homa ilishuka Shaabani. Mwizi keshakwenda zake,
lakini korokoni wa damu yako, Mwanatumu,
bado apuliza filimbi.
Usiku kucha apuliza.

Majirani wa Kuze wasema: uvivu.
Shangazi asema: pepo, wataka chano.
Nawe umeugeukia ukuta,
mbaazi zapoa, mahamri yaganda mafuta.

Daktari wa Makadara aliisoma karatasi ya maabara mara mbili,
akasema: "Mwilini mna moto mdogo, hauzimiki.
Huenda ndio unaoila furaha. Hatujajua vyema."

Basi mimi sikwambii jikaze.
Nakaa kitandani pako, nakufumua nywele, nakusuka,
nikimnong'oneza yule wa chini ya ngozi:
shusha rungu, baba,
mlango umefungwa,
kumekucha.