Tonge Moja ni Gramu Ngapi

Chumba namba tisa, hospitali ya Wete,
feni inavuta uradi juu ya vichwa vyetu.
Bi Mize Shaame wa Gando
ameketi kwenye ncha ya kiti, buibui kalikusanya mapajani
kama mtu aliyeitwa kudaiwa.

Sukari yake kumi na nne nukta mbili. Naandika.
Umri? "Andika mwaka ule karafuu zilipokosa wachumaji."
Naandika sitini na tatu.

Programu inataka kujua asubuhi anakula nini.
Orodha yake ndefu, imepangwa kwa alifabeti,
na kati ya shayiri na siagi
hapana shelisheli.
Nikafungua safu mpya, nikajaza mwenyewe:
shelisheli la kuchemsha,
shelisheli la kuchoma,
shelisheli la nazi. Hapo mashine ikawa nyekundu.
"Tui la kwanza au la pili?"
"La kwanza nimwachie nani?"

Mwongozo umebandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda:
sahani iliyokatwa kwa mistari,
nusu mboga, robo wanga, robo samaki au maharage.
Nikamgeuzia skrini, aione na humo.
"Sahani hii ya nani, mwanangu?"
Yako.
"Mie sina sahani. Sisi tuna sinia."

Kidole changu kikabaki hewani.
Mnakula wangapi? "Saba. Akija Mbwana, wanane."
Nikagawa kwa saba. Mashine ikafurahi,
ikachora duara la kijani:
samaki gramu tisini, inatosha.
Bi Mize akacheka kwa pua.
"Hicho kidude chako hakijapata kula na watoto."

Maana changu akishawekwa kati,
minofu ya shavu ni ya Ngwali, mjukuu asiye mama,
mgongo ni wa Mbwana, mpanda mikarafuu,
na yeye hubaki na mchuzi na wali,
wali, tena wali, mpaka sinia lioneshe maua yake.

Mwongozo haudanganyi.
Wala yeye hadanganyi.
Uongo ulikuwa wangu, wa kugawa kwa saba.

Nikatoka, nikarudi na bakuli la wali baridi wa wauguzi.
Fanya tonge, Bi Mize. Kama la nyumbani, usinionee haya.
Akanawa, akakanda bila haraka,
akaliweka juu ya mzani.
Thelathini na nane.
Jingine: thelathini na nane.
La tatu thelathini na saba.
"Hilo la mbele ya mgeni," akasema.

Basi mpango wake sikuuandika kwa gramu.
Niliifundisha mashine neno: tonge.
Manne mchana, matatu usiku,
mchicha ale kabla watoto hawajakaa,
kipande cha samaki kiwekwe kibakulini, kifunikwe, kiwe chake.
Tui la pili. Hapo tulibishana sana,
tukasuluhishana: la kwanza Ijumaa tu.

Chini kuna kisanduku cha maoni.
Nikaandika: Samaki humpa mjukuu.
Mashine haikuwa nyekundu, haikuwa kijani.
Ilihifadhi tu.

Mwezi umepita. Leo sukari kumi na moja na nukta.
Si haba, lakini hatujafika.
Namuuliza habari za kibakuli.
"Nakifunika," anasema, anatazama dirishani.
"Ila yule mtoto ana pua."