Bajia za Ishirini

Siku tisa, mimi na karatasi nyeupe
tumekaa tukitazamana kama mawifi.
Ya kumi nikatoka, nikapita vichochoro vya Shela, Malindi,
hadi kwa Bi Mwanakheri: bajia za ishirini,
na ukwaju wa pilipili juu.

Kanifungia kwa ukurasa wa daftari la mtoto.
Insha. Kumi na mbili kwa arubaini.
Mafuta yamekula nusu, nusu yasomeka:
“Siku ile mama alirudi na kiatu kimoja, akacheka mpaka”

Mpaka nini?

Nikarudi. Bajia nyingine.
Hisabati.
Nyingine tena: ramani ya Afrika, Bukini imesahauliwa.
“Leo una njaa, Swabiri.”
“Ile nusu ya pili, Bi Mwanakheri, iko wapi?”
“Kaondoka nayo Shekuwe, fundi saa.
Bajia keshazila, karatasi keshaitupa.”

Sasa niko barazani, tumbo limenijaa gesi,
kalamu yaniteleza vidoleni kwa mafuta.
Kiatu kimoja.
Cha kushoto, nadhani. Kisigino kimelika upande.
Alikotoka, mama huyu, hakukuwa na la kuchekesha.

Pambizoni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu:
Malizia.

Ndiyo, mwalimu.