Futi Mbili

Usipake rangi, jirani. Hilo kwanza.
Mimi nilipaka mara tatu, na mara tatu ufa ukarudi
ukipanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya matofali,
kutoka pembe ya dirisha la jikoni hadi chini ya mtambaapanya.

Udongo wetu huu wa Nyamasaria ni mweusi, na una tabia:
masika hunywa hadi ukafura,
Januari hujikunja, ukapasuka, ukameza mkono hadi kiwiko.
Nyumba hukaa juu yake kama mgeni kwenye kitanda cha kamba:
mwenyeji akijigeuza, naye hugeuka.

Fundi atakuja. Wangu aliitwa Mukabana, mtu wa Luanda,
mfupi, penseli nyuma ya sikio.
Siku ile hakugusa jembe.
Aliweka gololi sakafuni, sebuleni,
tukaitazama sote wawili ikibingirika
polepole, bila haya, hadi mguuni pa kabati la vyombo.
Kisha akachora mstari kukatiza ufa, akaandika tarehe,
akasema: Nitarudi baada ya wiki sita.
Nilidhani ananikimbia.
Kumbe alitaka nyumba ijieleze yenyewe.

Makadirio ni salamu tu, jirani.
Mazungumzo huanza shimo likifunguliwa.

Vumbi utalikuta kwenye sukari, kwenye Biblia,
kwenye miwani uliyoifungia kastani yake.
Watachimba kipande kimoja, waruke viwili, wachimbe cha nne;
usiwaambie wachimbe vyote kwa pamoja.
Hakuna anayeng'olewa meno yote siku moja.
Na usiku, jeki zikiwa chini yake, utaisikia:
tk. Kimya. Tk.
Mlango wa choo uliogoma tangu mwaka wa Elnino
ulifunguka wenyewe usiku wa manane.
Wa chumbani, uliokuwa mwema, ukakwama nikiwa ndani.

Siku ya tatu Mukabana akaniita shimoni.
Akashusha utepe. Mama, msingi huu ni futi mbili.
Nikasema la. Ni nne.
Marehemu alisema nne, mbele ya ndugu zake,
mbele ya kasisi aliyekuja kubariki.
Wesonga, kijana wa koleo, akatazama pembeni.
Mukabana hakubishana. Aliushikilia utepe pale pale
kama mtu anayemshikia mwenzake taa.

Usiku nikalitoa daftari la Obura, lile la jalada la bluu.
Saruji, mifuko thelathini. Imekatwa.
Kwa wino mwingine: kumi na minane. Juni, tisini na nne.
Hakuna neno chini yake,
ila risiti ya Russia iliyokunjwa mara nne,
jina langu, wodi yangu,
tumbo langu walilolifungua Juni ile ile.
Nilimuuliza wakati ule pesa zilitoka wapi.
Alisema: Zilikuwepo.

Miaka thelathini nimelala
juu ya mifuko kumi na miwili isiyokuwepo
nikiulaumu udongo.

Asubuhi niliwapikia vijana uji wa wimbi,
nikashuka mwenyewe, na viatu vya kanisani,
nikaushika ukingo wa ule msingi wake.
Baridi. Kokoto zimetokeza.
Nilipopanda nikawaambia: Shukeni hadi tano.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini tano.

Zege litakutaka maji siku saba, asubuhi na jioni; usilisahau.
Na nyufa za juu ziache kwanza.
Masika ipite, vuli ipite,
ukuta uamue unakaa wapi.
Tarehe za Mukabana ni nne sasa pale jikoni
na mstari wa penseli haujavunjika.
Rangi nimeshanunua, ya maziwa. Debe liko chini ya kitanda.

Jana niliiweka tena gololi.
Ilisogea kidogo, ikasita,
ikatulia katikati ya sebule
kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.