Wati Mia Sita na Hamsini

Baba anataka wati elfu moja.
Amesimama dukani kwa Zaven, Gyumri, mwezi wa pili,
theluji ya buti zake inayeyuka sakafuni,
kidole kiko juu ya boksi kubwa kuliko yote
kama mtu aliyekwisha kulipa.

Mimi nina karatasi.
Nimepiga hesabu jana usiku, mara mbili, kwa penseli:
kadi mpya ya picha, mia mbili na ishirini;
prosesa, mia na tano ikikaza msuli;
feni tatu, diski mbili, taa ambazo sikuziomba,
hamsini, tuseme sitini.
Jumla haifiki mia nne.
Ongeza nafasi ya kupumua, maana kadi hizi
hugugumia ghafla kama mlevi wa harusini,
kisha hutulia na kujifuta mdomo.
Mia sita na hamsini, Baba. Inatosha na kusaza.

"Inatosha," anasema,
"ni neno la waliozaliwa baadaye."

Nami nilizaliwa baadaye.
Miaka ile umeme ulikuja saa moja kwa siku
na hakuna aliyejua saa ipi.
Mama aliacha pasi kwenye soketi, na birika, na redio,
vyote vimewashwa, vinangoja,
hata ulipofika, usiku wa manane, redio ikaimba peke yake
na mtaa mzima ukaamka kupiga pasi.
Baba alikuwa fundi wa kituo.
Ndiye aliyeuzima mtaa huu ili ule upate.
Wapo majirani ambao hadi leo
hupokea salamu yake kwa kidevu.
Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua:
ndiyo maana anataka elfu.

Zaven haamui. Anashusha boksi la tatu,
jekundu, WATI MIA NANE kwa herufi za kupayuka,
nusu ya bei.
"Lishike, mzee Arshavir."
Baba anaitoa pawasaplai, anaipima kiganjani
kama mkate ulioiva nje tu.
"Nyepesi," anasema. "Humu hamna shaba."
Anavaa miwani. Anaigeuza, anatafuta ile lebo ya ubavuni
ambayo mimi, na karatasi yangu, sikuwahi kuisoma.
"Volti kumi na mbili: ampea thelathini.
Thelathini mara kumi na mbili?"
Mia tatu na sitini, nasema.
"Basi. Zilizobaki ni za mdomoni."

Kisha, bila kuombwa, anaichukua ile yangu,
nyeusi, nzito, haina hata taa ya kujisifia.
Ampea hamsini na nne. Midomo inacheza, anazidisha.
"Mia sita arobaini na nane."
Anavua miwani.
"Huyu amedanganya mbili tu."

Akairudisha elfu rafuni, polepole.
Zaven akafunga boksi kwa utepe, akaonya:
nyaya za ile ya zamani msizichomeke kwenye hii;
plagi zafanana, matumbo hayafanani.

Nyumbani tulimaliza saa nne usiku.
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza tena.
Nikaona mkono wa Baba, wenyewe, bila yeye,
ukienda kwenye droo ya mishumaa.
Mama akapita na unga viganjani:
"Huko nyuma si kuna swichi?"

Kulikuwa na swichi.
Feni zikazunguka; kwenye skrini zikasimama
nyumba ninazochora, mawe meusi, paa bado.
"Inakula ngapi sasa?"
Tisini.
"Na zilizobaki?"
Zipo, Baba. Hazijaitwa tu.

Akavuta kigoda, akakaa nyuma ya mashine,
si mbele penye picha,
akaweka kiganja pale hewa inapotokea.
"Vuguvugu," alisema.
Droo ilikuwa bado wazi.