Zamu ya Anyelwisye

Alhamisi Chaula hafungi duka, analiegesha tu:
mlango nusu, taa moja, jiko la mkaa kati ya magunia,
na ubao unatoka chini ya kaunta
ukiwa na unga wa juzi kwenye pembe.
Ni mfuniko wa sanduku la chai, miraba sitini na minne
niliyoichora mwenyewe kwa chaki ya cherehani,
kisha Mwalimu Asukile akaikoza kwa rangi ya viatu.

Kete zetu ni vizibo vya soda.
Chali ni za huyu, kifudifudi ni za yule.
Kimoja kilipotea mwaka wa mvua ya mawe
nikatoa kifungo cha sare ya shule, cha bluu,
na tangu hapo kila mtu anakitaka upande wake.
Asukile husema, "Leo nimepata kifungo bila mahakama,"
hucheka peke yake.

Nje mvua ya Tukuyu, ile isiyojua kuaga.
Ndiyo iliyonileta mezani:
nilikuwa barazani nasubiri ikatike,
haikukatika,
Chaula akasema, "Shangazi, ingia, utaganda bure,"
nami nikamla kete tatu kwa mkupuo.
Tangu siku hiyo ananiita Tusekile.

Sheria ni moja: ukiona cha kula, ule.
Hata ukijua ni mtego, ule.
Asukile, mwalimu wa hesabu, hushindwa na Chaula wa darasa la saba
na kila akishindwa hununua kiberiti asichokihitaji.
Mkewe ameniambia: nyumbani kuna viberiti vya kuwashia wilaya.

Alhamisi moja Anyelwisye alikwama Tunduma na lori lake,
foleni ya mpakani, siku ya nne.
Akapiga simu. "Nitajieni ubao."
Tukautaja, mraba kwa mraba,
simu imeegemea kopo la mafuta ya kupikia,
sauti yake ikija na honi za watu wengine.
"Sogeza kifungo. Kushoto kwangu, siyo kwako!"
Chaula akatembeza kingi yake.
"Subirini," akasema Anyelwisye, "naona wanatusogeza, su—"

Hatukuugusa ubao.
Chaula aliufunika kwa beseni jekundu la elfu nne
na mteja aliyelitaka aliambiwa hilo lina kazi.
Chumvi ilipimwa kando yake, sukari kando yake.
Mama mmoja wa Kiwira akauliza kama kuna kuku anaatamia.
Chaula akajibu, "Ndiyo."

Alhamisi ya pili, simu haipatikani.
Ya tatu, haipatikani.
Tulikaa tumelizunguka beseni, tunakula karanga,
hakuna aliyetaja barabara, wala mteremko wa Iwambi.
Nilimwona Asukile akiiona njia.
Mimi nilishaiona: kifungo kinajitoa,
Chaula analazimika kula,
nyuma yake mlango unafunguka, kete nne zinakwenda.
Tukanyamaza. Zamu haikuwa yetu.

Ya nne, saa tatu usiku, lori likakohoa nje.
Aliingia amekonda, kola imekatika,
simu aliibiwa usiku uleule akiwa anajaza fomu.
Hakusalimu. Aliinua beseni
akasimama juu ya ubao kitambo, maji yakimtiririka
kutoka kwenye kofia mpaka kwenye gunia la maharage,
tena Chaula, ambaye hugombana kwa tone, hakusema neno.

Kisha akasogeza kizibo cha pembeni.
Cha kijinga. Kisicho na habari yoyote.

Asukile alishika kichwa kwa mikono miwili.
Mimi nilipiga kelele mpaka mlinzi wa jengo la jirani akaja na rungu.
Maji ya chai hayakuwa yamechemka
Anyelwisye alikuwa ameshaliwa yote, kifungo cha mwisho,
na anacheka, anaomba karanga.

Beseni Chaula aliliuza kesho yake
kwa elfu tatu na mia tano.
Alisema limetumika.