Kibano cha Saa

Chupa ilifika Wete kwa meli ya asubuhi,
imeviringwa kanga, imesimamishwa ndani ya ndoo,
na karatasi ya Raya: Ami, usiitikise.
Mna miche thelathini na mmoja.

Niliihesabu mara tatu kupitia kioo.
Majani mawili mawili, kama ukucha wa kichanga,
juu ya uji mweusi wa sukari na makaa
anaoupika Raya huko maabara, Kizimbani,
amejifunga barakoa kama mpasuaji moyo.
Mbegu ya okidi, aliniambia, ni vumbi.
Ukipiga chafya umepoteza msitu.
Na mama yake haifungashii chakula cha njiani,
ndiyo maana ikalelewa kwa chupa.

Mimi ni fundi saa. Siku hizi watu
wanatazama saa kwenye simu,
na kibano changu kilikuwa kimeshinda njaa.

Nilivunja chupa kwa nyundo, ndani ya taulo
(shingo haipitishi, alisema; vunja, usivute),
nikaosha mche mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu
mpaka uji wote ukaachana na mizizi,
kwani utamu ule ule ulioilea,
ukibaki, ndio utakaoiozesha.
Makumbi ya nazi yaliyochemshwa, vipande vya makaa,
chungu kimoja, bega kwa bega,
juu yake mfuko wa nailoni.
Kila siku nikautoboa mfuko tundu moja
ili miche ijue, kidogo kidogo,
kwamba duniani kuna upepo.

Mwanangu Shaame akasimama mlangoni.
"Vinaliwa?"
"Haviliwi."
"Vinauzwa?"
"Labda. Baada ya miaka mitano."
Akaondoka. Alikuwa na karafuu za kuanua
na wingu limeshafika Konde.

Raya anasema huko kwenye baridi
watu hulipia umeme ili okidi hii
ipate usiku kama wetu,
usiku huu huu tunaoulaani tukigeuza mito.
Umeme ulipokatika siku tatu mtaa mzima,
sisi tulijipepea kwa vifuniko vya sufuria;
yenyewe ikatoa jani.

Lakini asikudanganye mtu, ilikufa.
Sita wiki ya kwanza, shina likageuka maji.
Minne ikaliwa na konokono mmoja, usiku mmoja;
nikamfuata kwa utelezi wake hadi nyuma ya kabati
nikakosa la kumwambia.
Kipupwe cha Julai kikachukua mitatu.
Sikuandika popote. Fundi hukumbuka
kila saa iliyomshinda.

Mwaka wa tatu nikaitundika ukutani
katikati ya saa ambazo wenyewe hawakurudi.
Mmoja ukaipenda saa ya mbao ya Bi Asiata wa Jadida:
ukateremsha mzizi mweupe kama chaki, ncha kijani,
ukapapasa ubavu wa saa,
ukashika.

Bi Asiata akaja Alhamisi moja,
risiti yake imefundikwa kwenye pindo la kanga.
Nilitaka kumdanganya, ulimi ukakataa.
Nikamwonesha: ukiuvuta utakatika.
Akavaa miwani. Akatazama mpaka chai yangu ikapoa.
"Na saa, umeshaitengeneza?"
"Bado."
"Basi usiitengeneze. Ikilia itaushtua."

Mpaka leo haujachanua. Labda mwakani, anasema Raya,
maua meupe, yanayonukia usiku tu.
Bi Asiata hupitia kila Alhamisi
na kidumu cha maji ya mvua ya paa lake,
hukaa kwenye kiti cha wateja,
huuangalia mzizi, huniuliza,
"Saa ngapi sasa?"

Nami huinama na lenzi yangu jichoni.
"Imezidi nusu ukucha."