Mstari wa Kutu

Huku Sayh, juu ya Khasab, hakuna falaji.
Shamba hunywa kinachoanguka,
na kisichoanguka hulipwa na mbuzi:
anauzwa mmoja, anauzwa wa pili,
unga unapandishwa mlimani kwa gari.

Nilifika Novemba na kibano, penseli, mifuko ya kaki,
binti wa Maskati anayeota kwa Kiswahili cha bibi yake
na kuandika ripoti kwa Kiarabu.
Salmin bin Ghureib alinipa kitalu kimoja chenye kingo za mawe
na mkebe wa mbegu za babu yake.
"Hii ndiyo ngano," alisema. "Zako sizijui."

Nikaipanda pembeni, kuzizunguka zangu zote.
Sikumwambia kwa nini.

Januari mvua ikanyesha siku tisa.
Watu walishukuru. Mimi nilishukuru nusu:
jani likilala na maji usiku kucha
kuna mgeni hupenda kulala humo.

Akaja. Vumbi la chungwa.
Upitishe kidole juu ya jani, kinarudi
kama kimeshika bawaba ya mlango wa zamani.
Kiarabu humwita sadaa, bibi angemwita kutu;
lugha mbili, bila kuulizana,
zimeona chuma kwenye kitu kibichi.

Salmin alisimama, jirzi yake begani,
kile kishoka chembamba cha watu wa huku.
"Umeipanda ili iugue."

Ndiyo. Ndivyo kazi ilivyo:
aliye mwepesi kushikwa huwekwa mlangoni,
maradhi yaingie shambani kwa miguu yao,
ndipo tujue nani atasimama.
Nilimweleza hayo kwa maneno safi ya ofisini.
"Babu yangu," alisema, "umemfanya chambo."
Siku nne sikuletewa kahawa.

Mistari sitini niliisoma kwa magoti.
Wa saba: umekwisha.
Wa kumi na mbili: umekwisha.
Wa ishirini: jani limejiua kuzunguka kila doa,
kama mtu aliyechoma kibanda chake ili moto usivuke.
Wa arobaini na moja:
nilipitisha kidole mara tatu.
Kilirudi kidole tu.

Alikuja kutafuta mbuzi aliyepotea, ndivyo alivyosema.
Akavunja suke, akasugua viganjani, akapuliza makapi,
akatafuna.
Mtu anayetafuna ngano hana haraka.
"Inasimama," alisema. "Lakini mdomoni haina kitu."

Aprili akanifungulia nyumba ya kufuli,
nusu yake ardhini, mitungi yake minene kuliko mlango;
iliingia kwanza yenyewe, kuta zikajengwa baadaye.
Kufuli nalo lilikuwa limeliwa na kutu.
Akalitia mafuta, akangoja, akalitia tena.
Ndani, mitungi mitupu. Harufu tu, ya mkate wa mtu mwingine.
"Ngano hukaa hapa," alisema. "Yako haijaalikwa."

Kwa hiyo Machi iliyofuata tumepiga magoti wawili.
Mama ni arobaini na moja. Baba ni babu.
Ninafungua kila ua kwa kibano,
natoa vitatu vya kiume, vya kijani, kabla havijaiva,
navika suke mfuko, nahesabu siku,
kisha namkung'utia chavua ya mkebe ule.
Wahenga walisema kulea mimba si kazi.
Hawakuwahi kulea suke kwenye upepo wa Sayh.

Kibandiko kina nafasi ya namba tu.
"Andika Ghureib," anasema.
Naandika, herufi ndogo, juu ya ukingo.

Anauliza: lini tutajua?
Miaka minane, kama mvua itakubali.
Anahesabu vidole, anaishiwa vidole, anaanza upya.
"Nitakuwa na sabini na moja."
Kimya kidogo. Mbuzi wanakohoa bondeni.
Anashika suke kwa vidole viwili, analinyoosha kwenye mwanga.
"Basi," anasema, "mkono usitetemeke."